Shangazi Nyuma ya Kioo

Mama yangu alikuwa na sheria moja juu ya vikaragosi vyake: hakuna kulala. Onyesho likiisha, kila kimoja kinavuliwa mkononi taratibu, kinapanguswa uso kwa kitambaa kikavu, kinavikwa kwenye chupa ya soda iliyojazwa mchanga, halafu kinasimamishwa kwenye ubao wa sebuleni, wazi, kila mtu akione. Si sandukuni, si kwenye mfuko, si uvunguni. Vilikuwa vitano. Mgeni akiingia kwetu Iringa, kabla hajasalimiwa na mtu alishatazamwa na macho kumi. Kuna mchungaji mmoja alikunywa chai yake yote, vikombe viwili, amevipa mgongo.

Mimi nilivilaza. Nilivilaza mara moja tu, siku tano, nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna mtu atakayenieleza nikajisamehe. Wengi wameshajaribu. Wasijichoshe bure.

Nianze na Shangazi, maana huyo ndiye aliyekuwa na maneno. Wengine wanne walikuwa nesi, baba wa familia, mtoto na mbuzi, na kazi yao kubwa ilikuwa kugombezwa na Shangazi. Alikuwa na jino moja la mbele, nyusi za manyoya ya kondoo, kilemba cha kitenge, na mdomo usio na breki. Mama mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea maisha yake yote, mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Sijawahi kumsikia akibishana hata na muuza nyanya. Lakini akishaingiza mkono wa kulia ndani ya Shangazi, kidole cha shahada kichwani, gumba na cha kati kwenye mikono, loo! Hapo ndipo ulipojua kwamba Mama alikuwa anayaona yote na kuyaweka. Siku ya kliniki akina mama wamekaa kwenye mabenchi, watoto mgongoni, Shangazi anachomoza juu ya shuka: "Wewe uliyejikunja hapo nyuma! Chandarua ulichopewa umefunikia vifaranga, unadhani sijui?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mwenye vifaranga alicheka kuliko wote.

Tulizunguka sana. Sharika za Iringa, shule za Jumapili, zahanati za mbali huko, mpaka Rujewa na Ubaruku wakati wa kuvuna mpunga, watu wakiwa wengi. Mimi ndiye nilikuwa mkono wake wa pili. Sikuwahi kupewa mtu, nilipewa mbuzi. "Sauti yako ina hasira," Mama aliniambia, "mbuzi anakutosha." Basi nikawa mbuzi miaka na miaka, mee na mee, na sikuona ubaya. Kweli nina hasira. Nimezaliwa nazo.

Vichwa alivitengeneza mwenyewe. Magazeti ya zamani yalilowekwa siku tatu, yakatwangwa kwenye kinu, yakachanganywa na uji mzito wa unga wa ngano, yakafinyangwa kuzunguka kibomba cha karatasi ngumu ambamo kidole kinaingia, yakaanikwa wiki nzima, yakapakwa rangi. Mvua zikianza, ubao wote ulihamia jikoni karibu na moto, kwa sababu ukungu unapenda karatasi. Sisi tunatetemeka sebuleni na baridi ya Iringa, wao wanaota moto. Nikilalamika, Mama alikuwa anasema wao hawana damu ya kuwapa joto, mimi ninayo.

Halafu akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka naye: chumvi kwenye chai, miwani ndani ya sufuria. Siku aliyopotea akitoka sokoni, njia aliyoipita tangu ujana wake, akaletwa nyumbani na muuza mitumba, sikucheka tena. Mimi nilikuwa nimeshahamia Mbeya, naishi Uyole, nafanya biashara ya mchele. Nikaenda kumchukua. Safari nzima alivipakata vikaragosi vyake kwenye beseni la plastiki, vimesimama kwenye chupa zao, na kila gari lilipopita tuta alikuwa anaweka mkono kuwazuia wasianguke. Nguo zake nilibeba mimi.

Uyole nikamtengenezea ubao kama ule wa Iringa. Akavipanga mwenyewe, bila kukosea hata kimoja, mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza choo kiko wapi mara nne.

Ugonjwa ule una tabia mbaya ya kuchukua kidogo kidogo. Ulianza na Kiswahili chake. Mama alijifunza Kiswahili shuleni, nyumbani walisema Kihehe, kwa hiyo kilichokuja mwisho kikaondoka kwanza. Akabaki na Kihehe, tena cha sala na cha utotoni. Halafu na hicho kikapungua. Na mimi nikapotea kichwani mwake. Nikimlisha, nikimwogesha, nikimpaka mafuta, alinishika mkono akasema kwa Kihehe kilichobaki, "Asante dada, Mungu akubariki," kwa adabu ileile aliyokuwa akiwapa wauguzi. Jamani, ile asante ilinichoma kuliko tusi. Nilikuwa natoka nje nasimama kwenye sinki la uani, najifanya nafua.

Siku moja asubuhi, basi, naosha vyombo, nikasikia nyuma yangu: "Wewe mfupi! Hiyo sufuria unaiosha au unaitekenya?"

Sahani iliniponyoka. Mama alikuwa mlangoni na Shangazi mkononi. Kiswahili kimerudi chote, na nyusi za kondoo zinacheza. "Mfupi" ndilo jina alilokuwa ananiita Shangazi tangu nina miaka saba, maana nilichelewa kurefuka. Mama kwa mdomo wake mwenyewe hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

"Unanijua?" nikauliza, mikono inatiririka maji.

"Nisikujue kwani nimekuokota?" akasema Shangazi. "Mwanangu wewe, mfupi wangu. Umekonda. Mchele wote huo unauza na huli?"

Nililia mbele ya kile kikaragosi, mtu mzima mimi, na kikaragosi kikanipangusa machozi kwa mkono wake wa kitenge. Tangu siku hiyo tukawa na saa yetu. Baada ya chai Mama anamvua Shangazi kwenye chupa, anamvaa, na kwa nusu saa, wakati mwingine zaidi, mimi nina mama. Ananigombeza, ananiuliza habari za watu waliokufa zamani, ananicheka nywele. Akimvua na kumrudisha kwenye chupa, macho yake yananipita. Dada, asante, ubarikiwe. Sikuelewa inakuwaje na daktari naye hakuelewa, alisema tu niishike hiyo njia kwa mikono miwili nisiiachie.

Nishike njia kwa mikono miwili. Mimi huyu!

Ikafika Julai. Ndani nina magunia ya mahindi ya kula mwaka mzima, yamepangwa kwenye chumba kinachopakana na sebule. Mpunga uko sokoni Ubaruku, wenzangu wameshatangulia kununua, simu inalia kutwa. Naamka asubuhi nakuta kwenye ubao, chini ya nesi, unga unga mweupe kama vumbi la chaki. Nikamgonga nesi shavuni. Akatoka mdudu. Nikamgonga tena, wakatoka wawili. Dumuzi! Wametoka kwenye mahindi yangu, wamefuata uji wa ngano ndani ya vichwa. Nikamgeuza Shangazi, nikakuta tundu moja dogo nyuma ya sikio.

Roho ilinipaa. Niliona kichwa cha Shangazi kikigeuka unga, na Mama pamoja naye.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angetoa mahindi chumbani. Angeviweka vikaragosi juani. Angemuuliza mtu. Mimi nilifanya kile ambacho kila mwanamke wa huku anafanya akiona dumuzi: nilichukua dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi. Nilikuwa nayo, imebaki. Nikajifunga kanga puani. Naomba mlisikie hilo vizuri. Pua yangu niliifunga. Nikamimina dawa kwenye vibomba vya shingo, nikasukasuka, nikatia kwenye mikono, nikapaka kwenye nyusi, nikawalaza wote watano kwenye gunia la kuhifadhia nafaka, lile lenye nailoni ndani, nikafunga kamba ikakaza. Kama debe la mahindi.

Jirani yangu, mama mmoja wa Tukuyu ambaye alikuwa anashinda na Mama nikisafiri, alinikuta nafunga. "Ndaga," akanisalimu, halafu akatazama gunia. "Umemwambia Mama?"

"Nimwambie nini? Ataelewa?" nikamfokea. "Wakiliwa wakaisha ndiyo tutaongea?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, ananitazama. Aliona kila kitu.

Nikaenda Ubaruku siku tano. Nilikuwa napiga simu, jirani anamwekea Mama sikioni, nasikia pumzi tu. "Hataki kula," jirani aliniambia siku ya tatu. "Anakaa pale kwenye chupa." Nikamwambia ampe uji wenye karanga. Nilikuwa na shughuli, mashine ya kukoboa ina foleni, na nilijiambia kwamba nawaokoa hao watu wake, atashukuru.

Niliporudi nilimkuta mbele ya ubao. Chupa tano, tupu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, vidole vitatu vimesimama vile vinavyosimama ndani ya Shangazi, na hakuna Shangazi. Jirani aliniambia alikuwa hivyo tangu jana.

Nikakimbilia gunia, nikafungua. Walikuwa weupe kama wafanyakazi wa mashine ya kusaga. Harufu ilinipiga mpaka macho yakawasha. Mama aliisikia kamba ikifunguliwa akaja haraka kuliko nilivyomwona akitembea mwaka mzima, akamnyakua Shangazi kifuani, na kidole cha shahada kikaelekea shingoni.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Mama, tangu augue, alikuwa na mazoea ya kunyonya vidole. Kutwa nzima, kama mtoto mchanga. Nilimkwapua Shangazi mkononi mwake kwa nguvu nikamtupa uani. Mama alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu. Halikuwa la Kihehe wala la Kiswahili.

Kesho yake nilimfunga Shangazi kwenye mfuko wa nailoni nikaenda kwa bwana shamba mmoja ninayefahamiana naye, mtu wa utafiti wa mazao hapo hapo Uyole. Alicheka kwanza alipoona kichwa chenye jino moja. Nilipomweleza, akaacha kucheka. "Mama, mahindi tunasubiri, tunapepeta, tunaosha, tunakoboa," akasema. "Hili mtu anaingiza mkono halafu mkono anauweka mdomoni? Mzee kama huyo? Usithubutu." Nikamuuliza kama nikimwanika juani. Akasema dawa imeshaingia kwenye karatasi laini ile, hawezi kunihakikishia hata baada ya mwaka. Nikamuuliza kama nikimwosha. Akakipapasa kichwa kwa ncha ya kalamu akaniuliza kimetengenezwa na nini. Nikamwambia gazeti na uji. Akakirudisha kwenye mfuko, akaufunga.

Nilijaribu na mbuzi, maana mbuzi alikuwa wangu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, taratibu kama naosha jeraha. Rangi ilishika kwa muda, halafu pembe moja ikabaki mkononi mwangu, halafu uso ukalegea, na kwenye beseni nikawa na uji wa kijivu wenye maandishi madogo madogo ya gazeti. Nikaumwaga kwenye shimo la taka. Nesi, baba na mtoto niliwasimamisha kwenye chupa zao chumba cha mahindi, nikafunga mlango.

Nilijaribu kumvalisha Mama glavu za nailoni kwanza. Alizichana kwa meno. Nilienda kwa fundi, nikamwonyesha picha, akanitengenezea Shangazi mpya, kichwa cha sponji, jino moja, nyusi, kilemba cha kitenge kilekile nilichokikata kwenye nguo ya Mama. Kazi nzuri, siwezi kumlaumu fundi. Nikamvisha chupa, nikaweka kwenye ubao. Mama alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. Akamgeuza ukutani.

Basi nikafanya la mwisho lililobaki. Nina kabati la vyombo sebuleni, lile la milango ya kioo. Nikatoa sahani za wageni, nikaweka chupa, nikamsimamisha Shangazi wa kweli humo ndani, nikafunga na ufunguo. Nilisema angalau amwone. Angalau ajue hajafa. Nilidhani namfanyia hisani.

Kutwa nzima akawa pale. Anasimama mbele ya kabati, vidole vitatu juu ya kioo, kucha zinagonga. Tik. Tik. Hasemi neno, si Kiswahili, si Kihehe, hata ile asante ilikoma. Nikimshika bega anavuta bega. Malori yanapita barabarani na vyombo vinatikisika kabatini, Shangazi naye anatikisika kidogo kwenye chupa yake, na Mama anadhani anaitikia, anaanza kugonga kwa haraka. Nilivumilia wiki mbili hizo kucha. Siku moja nikashindwa, nikapiga kelele: "Mama, huyo ni mdoli! Ni gazeti! Ni mdoli tu!" Alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kipigo. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Mama yangu alijikinga kichwa dhidi yangu.

Sikuwa na mtu wa kumlaumu. Hilo nalo linachosha sana, kuwa na hasira kama zangu na kukosa wa kumpa.

Nilikata tamaa kabisa, na nadhani ni kukata tamaa ndiko kulikonituma nifanye nililofanya alasiri moja ya Jumatano. Mama alikuwa amesinzia kwenye kochi. Nikafungua kabati, nikamtoa Shangazi, nikaingiza mkono wangu mwenyewe. Mikono yangu ingeoshwa kwa sabuni, ya Mama isingeguswa. Kwa maisha yangu yote sikuwahi kumvaa. Kibomba cha shingo kilikuwa kimekaa kwa kidole cha Mama, chembamba kuliko changu, kikanibana. Nikapiga magoti nyuma ya kochi, mbali kidogo ili asimfikie, nikamchomoza.

"Hamjambo nyie mnaosinzia mchana?" Nilijaribu kuitoa sauti puani kama yeye. Ilitoka mbaya, ina mbuzi ndani yake.

Nikasikia kochi likilia.

"Ulikuwa wapi wewe?" akasema Mama. Kiswahili safi. Wiki sita hajatamka neno.

"Nilifungiwa," nikasema.

"Najua. Niliona." Akashusha sauti. "Ni yule mama wa hapa. Usiseme kwa nguvu, anasikia."

"Yule mama ana ubaya?"

Akafikiri. Mama ni mtu wa haki, hata sasa. "Hana ubaya. Ananipa chakula. Ananiogesha, maji ya moto kabisa. Ila ni mkali. Na si mtu wangu." Halafu akasema, "Aliwatia watoto kwenye gunia akafunga kamba. Mtu wa namna gani anafanya vile?"

Shangazi aliinamisha kichwa, sijui kama ni mimi niliyemwinamisha.

"Mwanangu hayajui haya," Mama akaendelea. "Yule mfupi. Akijua niko hapa atakuja kunichukua, hawezi kuniacha. Wewe unatembea, unaonana na watu. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Atakuja lini?"

Ningeweza kusimama nyuma ya kochi nikasema, Mama, ni mimi, mfupi ndiyo mimi. Lakini hayo nilishayasema mara ngapi kwa mdomo wangu nikajibiwa asante dada? Nikawaza haraka haraka. Nikawaza kwamba Shangazi anaaminiwa. Shangazi akisema mtu anakuja, basi mtu huyo atatazamiwa, na anayetazamiwa akitokea, macho yanamjua. Kusema kweli niliona mlango. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai.

"Jumamosi," akasema Shangazi. "Jumamosi asubuhi, baada ya chai."

"Jumamosi," Mama akarudia. Akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanapanda na kushuka. Jioni hiyo alikula ugali wote na maharage, akaomba na mchuzi.

Alhamisi na Ijumaa alikuwa mtu mwingine, na Kiswahili hakikumtoka tena. Aligusa vitenge vyake kimoja kimoja. Hakulisogelea kabati. Jirani yangu nilimweleza mpango wote, akasema atakuja kumsuka.

Jumamosi Mama aliamka mwenyewe. Akavaa kitenge cha zambarau, kile cha siku kuu, jirani akamsuka mistari minne, akakaa kwenye kochi wima kama mtu anayepigwa picha. Mimi nikatokea mlango wa uani. Nilivaa gauni ambalo Mama alinishonea tulipokuwa Iringa, linanibana lakini linaingia, nikabeba kikapu chetu cha nyasi za milulu na ndizi mbivu ndani. Nikazunguka mpaka barabara kuu, nikasimama kwa wauza viazi dakika kama kumi, ili nikirudi niwe kweli natoka mahali. Moyo ulikuwa unanidunda kama binti anayekwenda kutambulishwa ukweni. Wauza viazi waliniuliza kama nasafiri. Nikasema hapana, nimefika.

Nikarudi. Nikasimama mlangoni kwangu. "Hodi!"

"Karibu! Karibu, pita!" Sauti yake ile ya zamani, ya mwalimu.

Nikaingia. Mama alinitazama usoni. Alinitazama sana, jamani, kuliko alivyonitazama mwaka mzima, kuanzia nywele mpaka viatu, akarudi usoni, na akatabasamu. Jirani yangu pale pembeni alijiziba mdomo.

"Pole na safari," akasema Mama. "Umetoka mbali?"

"Iringa, Mama."

"Ah, Iringa! Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Mama."

Alikipokea kikapu, akazitazama ndizi, akasema ni nzuri. Nikasogea nikae naye kwenye kochi. Nilikuwa nimeshainama, mkono wangu uko kwenye bega lake, na hakuuvuta. Mama akaweka kiganja chake juu ya mto pale nilipotaka kukaa, kwa upole kabisa.

"Hapo usikae, dada," akasema. "Hapo atakaa mwanangu. Yuko njiani, anakuja kunichukua."

Nikasema sawa. Nikakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yake, tukamsubiri wote wawili.